Usimharakishe Azungumze

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hapa nyumbani hatujambo. Tangu juzi nauwaza ujumbe wako kuhusu yule mama anayekuja kwako kila Jumanne kupata ushauri nasaha, akakaa, akaangalia sakafu mpaka saa ikaisha. Unauliza kama unampotezea wakati. Humpotezei. Anarudi, na nauli anatoa mfukoni mwake.

Unajua kazi hii ya unasihi niliianza baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa hapa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa, maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipofuka kwa vioo: mlipuko mdogo wa kwanza uliwavuta madirishani, ndipo bomu lenyewe likalipuka. Wanasihi tulikuwa wachache, tukajitolea tulivyoweza. Siku hizo iliaminika kwamba aliyepatwa na kiwewe akisimulia yote mapema, katika kikao kimoja, atapona upesi. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na huenda kikawaumiza wengine zaidi. Ndiyo maana ninyi mmefundishwa kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada anaouhitaji, bila kumlazimisha asimulie.

Mimi hilo nililipata kwa mteja kabla sijalisoma popote. Alikuwa mwanamume aliyepoteza macho yote mawili. Zaidi ya hapo sitasema, siri yake bado ni siri. Habari za siku ile hakutaka kuzigusa. Alitaka kujua atamiminaje chai bila kuungua, na atafikaje stendi ya matatu bila kushikwa mkono. Basi tukazungumza chai. Tukatafuta mahali pa kumfunza kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma breli. Miezi ikapita. Siku alipolia, alianza mwenyewe, nami nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza.

Vyeti ni lazima, na nashukuru tangu 2014 tuna sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, maana zamani yeyote aliweza kubandika kibao mlangoni. Lakini kinachomkomaza mnasihi ni yule mteja ambaye kwake mbinu zote za mnasihi zimegonga mwamba, na bado mnasihi hamtupi.

Ila usimbebe peke yako. Mweleze msimamizi wako yote, hata unayoona haya kuyataja: kwamba Jumatatu jioni tumbo linakukaza, kwamba wakati mwingine unatamani asije. Msimamizi yupo kwa ajili ya hayo hasa. Mnasihi asiyesimamiwa huanza kuwachukia wateja wake bila kujua, nami nimewaona wazuri wakiiacha kazi kwa njia hiyo.

Umeniuliza pia kama umwulize waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Mwulize, kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna anayeweza kulisikia. Huenda anaogopa polisi, maana miaka yote jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai kwetu. Mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu kilicholifanya kosa, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kuwa kinyume cha Katiba. Akikubali kwamba anafikiria, uliza kama ana mpango na kama ana cha kutumia, usimwache peke yake, na umpigie msimamizi kabla hajatoka chumbani. Usingoje Jumanne ya baadaye. Fanya hivyo Jumanne hii.

Mama yako