Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wafinyanzi, Lubumbashi

Ndugu wanachama, wamama na wababa, salamu.

Shughuli za kawaida mnazijua: tulichimba udongo, tukawasha tanuri mara 9, tukauza kwenye masoko ya Kenya na Katuba, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, tukazika mwenzetu mmoja. Sitayarudia.

Nije kwenye rangi ya kijani ya mabakuli yetu, maana ndiyo iliyowaleta. Mikutano ya mwaka mzima haikuzidi watu 12; leo viti havitoshi.

Mwezi wa sita niliagiza mabakuli yote ya kijani yatolewe kwenye meza ya kuuzia. Kumesemwa kwamba mwenyekiti anaua biashara, na kwamba nina wivu kwa sababu kazi yangu ni vyungu vya rangi ya udongo. Naeleza kwa mara ya mwisho. Kijani kile tunakipata kwenye unga wa malakiti, jiwe la kijani, mabaki ya wachongaji, na malakiti ina shaba ndani yake. Ndani ya rangi ya kioo, ile tunayopaka juu ya chombo ikayeyuka tanurini kuwa kama kioo, sehemu 2 au 3 kwa 100 zinatosha. Lakini kwa kuwa unga ni wa bure, watu walimimina kwa kikombe! Shaba ikizidi, kioo hakiwezi kuishika yote, na chakula kikali kama nyanya kinaivuta nje, mtu akaila. Mimi mwenyewe, kwa ndimu za pesa yangu, nilikata nusu nusu nikazilaza juu ya vibao 20 vya majaribio vyenye kijani kile usiku kucha. Asubuhi vibao 14 vilikuwa na duara iliyofifia, pale ndimu ilipovuta shaba. Nimevileta, mwenye shaka avishike. Vyungu vya maua sikuvigusa. Pakeni kijani mpendavyo.

Na yule aliyetangaza kwamba tanuri la mwezi wa nane lilirogwa kwa sababu kijani kilitoka chekundu: ni moshi. Moto ukikosa hewa, shaba inageuka nyekundu. Nilisema hivyo siku ile ile, hakuna aliyesikiliza.

Kuhusu kobalti, madini ya kutoa rangi ya buluu: kweli, nilinunua kopo la dola 60 kabla ya kuita komite. Mnauliza kwa nini kununua kobalti hapa Lubumbashi. Kwa sababu mawe meusi ya kobalti tunayookota yanakuja na chuma na manganizi ndani yake, na buluu yetu ilitoka kama majivu. Ile ya kopo, sehemu 1 kwa 100 inatoa buluu nzito. Kopo halijafika nusu, na sahani za buluu ndizo zilizolipa kodi ya banda. Komite ingekaa miezi mitatu kujadili.

Mapato yalikuwa faranga 1,240,000, matumizi 1,180,000, kobalti ikiwemo. Wanachama ni 41; waliomaliza mchango ni 13. Likelemba, pesa mnazochangiana na kupokea kwa zamu, mnalipa siku ile ile, hata mvua ikinyesha. Mchango wa chama mpaka mtu afuatwe nyumbani. Na wenye deni ndio wa kwanza kuuliza pesa ziko wapi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kupata tanuri kubwa zaidi, pengine na mafunzo kwa vijana, hali ikiruhusu.

Ndimu nyingine ziko kwenye kikapu karibu na mlango. Aliyekuja na bakuli lake aliache hapo mpaka kesho asubuhi, aje tuangalie pamoja.