Msiwaandike wanamichezo wastaafu kama marehemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna magazeti yetu yanavyowaandika wanamichezo waliostaafu. Nyota wa zamani akionekana kwenye kazi nyingine, kichwa cha habari huwa cha majonzi: amepotea, maisha yamempiga, huwezi kuamini yuko wapi. Mtu mzima ana kazi yake halali, nasi tunamwandika kama marehemu.

Hivi karibuni nilimsindikiza mama kwenye mazoezi ya goti baada ya upasuaji. Mtaalamu wa viungo aliyetupokea alikuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichopinda kwa nje. Kidole kile nakijua! Alikivunja akipangua penalti, akafungwa bandeji na kumaliza mechi. Utotoni kila nilipokaa golini nilikuwa najifunga kitambaa kidole hicho hicho. Nikamwita kwa jina lake la uwanjani. Akacheka, akasema, "Dada, ngoja kwanza tumalize na mama."

Hakugusia mpira tena mpaka kazi ilipokwisha. Alikishika kisigino cha mama kwa kiganja, akawa anamwambia akunje taratibu, huku macho yake yakiwa usoni kwa mama badala ya gotini. Nilipomuuliza, alisema maumivu hujionyesha usoni kabla mgonjwa hajatamka, na ukimlazimisha leo, kesho harudi. Nyumbani mama alikuwa amegoma kabisa kulikunja goti lile. Kwake alilikunja.

Baadaye alinieleza kwamba alianza masomo akiwa bado anadaka, bega lilipoanza kumsumbua, na darasani alikaa na vijana wa rika la wadogo zake. Kinachomuumiza ni watu kumpa pole. "Kazi hii niliitafuta mwenyewe," aliniambia. Jina lake nalihifadhi, maana sikumwomba ruhusa ya kumwandika.

Mhariri, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, mwaka 1954. Mwaka huo huo aliachana na riadha, akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, baadaye alianzisha shule. Nani atasema hawa walipotea?

Ombi langu ni hili. Mwandishi wenu akimpata mchezaji wa zamani kazini, amuulize kazi yenyewe: aliisomea wapi, ugumu wake ni upi, uwanja ulimpa nini cha kumsaidia humo. Mabao na medali tunazikumbuka. Wapo vijana wanaocheza leo ambao hawajawahi kusoma habari ya mchezaji aliyerudi darasani akafaulu, na wengine wao mikataba yao inakaribia kwisha.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za michezo