Mnunuzi wa katamarani ya anasa aulize uzito kabla ya sebule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tathmini za katamarani kubwa za matanga, yaani vyombo vyenye miili miwili iliyounganishwa sambamba, zile za urefu wa mita 18 na kuendelea, ambazo mmekuwa mkizichapisha kwa ajili ya watu wanaofikiria kununua. Picha zake huvutia na maelezo yake husomeka vizuri, lakini karibu zote huanzia sebuleni na kuishia chumbani kwa mwenye chombo, zikipitia jikoni na kwenye bwawa dogo la maji moto lililo juu ya paa. Kuhusu uzito, ambao ndio unaoamua kama mali hiyo itasafiri kwa matanga au itakuwa nyumba ya kusukumwa na injini, aidha hakuna neno, au hutajwa tarakimu moja isiyoeleza kama ni ya chombo kitupu au kilichopakiwa.

Mashua ya mwili mmoja husimama kwa uzito wa madini ya risasi au chuma kilichomo kwenye mkuku wake, ule uti wa chini ya chombo. Katamarani husimama kwa upana wake, haihitaji farumi, yaani uzito wa kuituliza, na wepesi huo ndio unaoiwezesha miili yake miwili myembamba kupasua maji bila kuyasukuma sana. Kila kilo inayoongezwa huila faida hiyo, na hesabu yake haihitaji mhandisi. Tuseme eneo la miili yote miwili, pale inapokatwa na usawa wa maji, ni mita za mraba 40. Chombo hicho kitazama sentimita moja kwa kila kilo 400 na ushei zitakazopakiwa, na tani nne zitakizamisha karibu sentimita kumi. Tani nne si nyingi kwa chombo cha namna hii. Maji ya kunywa lita 1,000 peke yake ni tani moja, kabla hujahesabu dizeli, jenereta mbili, viyoyozi vya kila chumba, mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, mashine ya kufulia, boti ndogo ya kushukia pamoja na winchi yake, na wageni wenye masanduku yao.

Sentimita hizo kumi huonekana kwanza chini ya daraja linaloiunganisha miili miwili. Daraja likikaa karibu mno na maji, mawimbi hulipiga kwa chini kwa kishindo kinachotikisa vyombo kabatini, huwanyima watu usingizi na, miaka ikipita, huchosha viungo vya chombo chenyewe. Kwa hiyo mtathmini atuambie daraja liko juu ya maji kwa kiasi gani chombo kikiwa kimepakiwa kwa safari, kwa sababu kipimo cha kwenye kabrasha la muuzaji mara nyingi ni cha chombo kitupu.

Hata kibao cha mtengenezaji kinataka kusomwa kwa makini. Kwa vyombo vinavyouzwa Umoja wa Ulaya chini ya Agizo la 2013/53/EU, mzigo wa juu unaoandikwa kwenye kibao haujumuishi maji wala mafuta yaliyojaa kwenye matangi ya kudumu. Herufi A, mojawapo ya herufi zinazotaja hali ya bahari ambayo chombo kimekusudiwa, na ambayo wauzaji hupenda kuitaja kana kwamba ni medali, huonyesha kuwa chombo kimesanifiwa kwa upepo unaoweza kuzidi nguvu ya 8 katika kipimo cha upepo cha Beaufort na mawimbi ya mita 4 na zaidi, isipokuwa hali zilizopita kiasi kama vimbunga. Lakini chombo hicho hicho kinaweza kuwa na idadi moja ya watu kwa herufi A na idadi kubwa zaidi kwa herufi za chini. Mnunuzi anayepanga kusafiri na ukoo mzima aangalie idadi ipi inamhusu.

Jambo la pili ambalo anasa hulificha ni namna katamarani inavyobeba upepo. Mashua ya mwili mmoja ikizidiwa huinama, na kila aliyemo hujua kwamba wakati wa kupunguza tanga umefika. Katamarani kubwa hainami kwa kiasi cha kumshtua mtu. Glasi hubaki mezani huku nguvu yote ikiingia kwenye mlingoti na nyaya zake. Upepo ukipanda kutoka kilomita 30 hadi 42 kwa saa, nguvu yake juu ya tanga huwa karibu mara mbili, na katamarani ikishapinduka haijirudishi yenyewe. Ndiyo maana hupunguzwa tanga kwa kusoma kipimo cha upepo, tena kwa kuzingatia dharuba badala ya wastani, na ndiyo maana tathmini isiyo na jedwali la kupunguza tanga, wala maelezo ya kama nahodha na msaidizi mmoja wanaweza kulishusha tanga kuu usiku, haijatathmini chombo bado.

Kwa chombo kilichokwisha kutumika, hasa kilichokuwa kikikodishwa, mengi huonekana kabla ya kufungua mlango. Simama gatini nyuma ya chombo utazame ngazi za tezi. Ukikuta mwani umeota juu ya mstari wa rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, ujue kwamba kimekuwa kikielea chini kuliko alivyokusudia msanifu. Ndani, inua mbao za sakafu umulike pale kuta za kukingama zinapokutana na mwili wa chombo, ukitafuta nyufa au faibaglasi iliyobanduka. Mlango wa chumba unaofungika vizuri bandarini na kukwama baharini ni dalili kwamba chombo kinajipinda. Sitaha nyingi za katamarani ni faibaglasi iliyobana kiini cha povu gumu au mti mwepesi wa balsa, na mkaguzi huigonga kwa nyundo ndogo kila mahali karibu na skrubu na madirisha. Sauti kali ni njema, sauti iliyofifia humwambia apime unyevu, kwa kuwa balsa iliyoingiwa na maji huoza bila kuonekana kwa nje. Mkaguzi huyo achaguliwe na kulipwa na mnunuzi, wala asitoke kwa dalali, ambaye kwa kawaida hulipwa kutokana na fedha za muuzaji.

Upana nao una gharama yake. Katamarani iitwayo Lagoon Seventy 7, kwa mfano, ina upana wa mita 11, na chombo cha kiasi hicho hakiingii katika nafasi ya kawaida ya marina, yaani bandari ya vyombo vya starehe, wala katika kila mtambo wa kupandishia vyombo nchi kavu. Afadhali kuulizia mahali pa kukiegesha kabla ya kulipa kuliko baadaye.

Mwisho, majaribio ya baharini. Safari ya saa moja kwenye maji matulivu, matangi yakiwa matupu na injini zikinguruma, humwonyesha mnunuzi mandhari tu. Mkataba utamke kwamba majaribio yatafanyika matangi yakiwa yamejaa, kukiwa na upepo wa kutosha, injini zimezimwa, na kwamba chombo kitapigishwa bisho, yaani kuendeshwa kwa matanga kuelekea upepo unakotoka, huku pembe yake na mwendo wake vikiandikwa. Na utamke pia kwamba matokeo ya majaribio na ya ukaguzi yasipomridhisha mnunuzi, anarudishiwa amana yake yote.

Wako,
Mkaguzi mstaafu wa vyombo vya majini