Kwa Rukia, kutoka Banda Aceh

Banda Aceh,
28 Desemba

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu huko, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini mambo haya ukiyasema kwa sauti yanakatika katikati: bando linaisha, jogoo wa jirani yenu naye anaingilia. Tena nataka umsomee mama, na barua inasomeka mara mbili.

Uliposikia nakuja Aceh, huku Indonesia, uliniuliza jambo moja tu: wale ambao hawakupata maiti za watu wao, wanazuru wapi? Nilijua unamuulizia ndugu yako Hamadi, aliyepotea baharini. Basi nimetembea na swali lako mji mzima.

Nimefikia kwao Nurul, yule ninayekaa naye chumba kimoja Yogyakarta. Mama yake anauza chakula karibu na bandari ya wavuvi ya Lampulo. Tulifika mkesha wa kumbukumbu ya tsunami ya 2004, na asubuhi ya tarehe 26 nikatoka kwenda kuangalia samaki wanavyoshushwa, maana unajua siwezi kukaa karibu na diko nisiende. Sikukuta samaki. Mashua zimejipanga ubavu kwa ubavu, zimefungwa, na nyavu zimekunjwa. Siku hiyo Aceh nzima hakuna anayekwenda kuvua. Amri hiyo ni ya Panglima Laot, wakuu wa bahari wa kimila, cheo cha tangu enzi za masultani. Wao ndio wanaoamua ugomvi wa nyavu, nani avue wapi, na siku gani bahari ipumzike. Ijumaa nayo ni mwiko. Mvuvi akikaidi, samaki wake wanachukuliwa na chombo chake kinazuiwa. Nikawakumbuka BMU wetu wa Kipumbwi, ile kamati ya kusimamia uvuvi ufukweni. Wangemzuia nani wao, na nusu ya kamati ndiyo yenye kokoro, wavu uliokatazwa?

Habari yenyewe unaijua kwa juu juu, kama nilivyokuwa naijua mimi. Ilikuwa Jumapili, 26 Desemba 2004, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi kwa saa za huku. Tetemeko la kipimo cha 9.1, na sakafu ya bahari ilipasuka kwa urefu unaozidi kilomita 1,200, kutoka hapa Sumatra kwenda kaskazini kupita visiwa vya Andaman. Mama yake Nurul anasema ardhi ilitikisika mpaka watu wakashindwa kusimama, wakakaa chini barabarani wakishikana na kuleta shahada. Ilipotulia wakashukuru, wakadhani yamekwisha. Wengine wakarudi ndani kufagia vioo. Huko ufukweni maji yakakupwa, yakaenda mbali kuliko bamvua lolote waliloliona, samaki wakabaki wanaruka juu ya mchanga, na watoto wakakimbilia kuwaokota. Bahari ikarudi ndani ya nusu saa. Maji yalikuwa meusi, anasema, yana mbao na mabati na magari ndani yake, na yalikuwa yanavuma. Yeye aliokolewa na ghorofa ya jirani. Mume wake na watoto wake wawili wakubwa hawakuonekana tena. Nurul alikuwa hajatimiza miaka miwili, kabebwa mgongoni.

Indonesia peke yake ilipoteza watu zaidi ya 160,000, karibu wote wa Aceh. Ukichanganya nchi zote zilizoguswa wanafika kama 230,000. Mawimbi yale yale yalivuka bahari yetu nzima. Yalichukua kama saa saba kufika Hafun, Somalia, yakaua watu wapatao 300 pwani ile. Mombasa polisi waliwahi kuwafukuza watu ufukweni. Dar hawakuwahiwa wote, wakafa watu wapatao kumi, wengine walikuwa wanaogelea tu Jumapili yao. Mimi nakumbuka wakubwa walivyokuwa wakisema kwamba maji ya Tanga yanajaa na kupwa ovyo siku ile, na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Sasa nikutembeze. Kitu wanachompeleka kila mgeni kukiona ni meli ya umeme, PLTD Apung, chuma cha tani 2,600 kilichokuwa kimetia nanga bandari ya Ulee Lheue kikiupa mji umeme. Wimbi lililibeba dude hilo zaidi ya kilomita mbili likalitua katikati ya nyumba za watu, na limekaa pale pale mpaka leo, na ngazi za kupandia na bustani kuzunguka. Unapanda juu, unaitafuta bahari, unaiona mbali kule. Watu wanapiga picha wakicheka. Sikupapenda. Nyumba zilikuwa chini ya ile meli, Rukia, na watu walikuwa ndani ya nyumba hizo.

Mashua ya Lampulo ni kitu kingine. Ni chombo cha uvuvi, cha mbao, kama majahazi ya kwetu kwa ukubwa, na kimekalia paa la nyumba ya ghorofa. Watu waliokuwa wamekimbilia juu ya nyumba ile maji yakiwafuata, wakaona mashua inakuja yenyewe, haina nahodha, ikakwama pale walipo. Wakaingia. Walipona watu 59. Nilishika ubavu wake wa chini, kalafati bado inaonekana kati ya mbao, na nikamfikiria fundi aliyeziziba zile nafasi akidhani anamtengenezea mtu chombo cha kuvulia jodari.

Jumba la makumbusho lilichorwa na Ridwan Kamil, msanifu aliyekuja kuwa gavana wa Jawa Magharibi. Limeinuliwa juu ya nguzo, na paa lake ni la kukimbilia watu maji yakija tena, ndiyo maana nalisifu: limejengwa kwa ajili ya waliokufa na walio hai pia. Unaingilia kwenye ujia mwembamba, wa giza, kuta ndefu pande zote mbili zinatiririka maji, matone yanakupiga usoni. Nurul hakuingia. Alizunguka akaningojea upande wa pili, na mimi nilipofika nusu ya njia nilitamani ningemfuata yeye. Mbele kidogo kuna chumba cha mviringo wanachokiita Kisima cha Dua. Unasimama chini, kuta zimekuzunguka zikipanda na kujibana kuelekea juu, na kutani yameandikwa majina ya marehemu, safu juu ya safu, mpaka huwezi tena kuyasoma. Juu kabisa kuna mwanga, na ndani ya mwanga limeandikwa jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu. Kisomo cha Kurani kinasikika taratibu. Alikuwepo baba mmoja na kijana wake, wanatafuta jina. Kijana akalipata, akamwonesha baba yake kwa tochi ya simu, na yule mzee akaliangalia tu, kisha akavua kofia akaifuta jasho akaivaa tena. Majina yaliyomo ni sehemu ndogo sana ya waliokufa. Hata hivyo watu wanakuja.

Lakini wewe uliniuliza kuhusu makaburi. Yapo makubwa mawili niliyofika. La Siron, njia ya kwenda uwanja wa ndege, limezika watu zaidi ya 46,000. La Ulee Lheue, karibu na bahari, zaidi ya 14,000, kwenye kiwanja kilichokuwa cha hospitali. Nilitegemea kuona mashahidi, yale mawe ya kichwani mwa kaburi, mistari na mistari. Hakuna hata moja. Ni majani tu, yamekatwa vizuri, na vibao vichache: hapa wakubwa, hapa watoto. Basi. Walizikwa kwa haraka, kwa dharura, malori yakishusha na matingatinga yakifukia, bila kuoshwa wala kukafiniwa kama desturi, kwa sababu jua lilikuwa kali na waliobaki hai hawakutosha kuwaosha waliokufa.

Siku ya kumbukumbu walikuja watu wengi Ulee Lheue tangu asubuhi, na mikeka, na vijitabu vya Yasini, na maua yaliyochambuliwa kwenye mifuko ya plastiki, na chupa za maji. Nikawa naangalia wanakaa wapi. Kila ukoo ulitandika mkeka popote palipokuwa na nafasi. Mama yake Nurul alitandika chini ya mti, kwa sababu ya kivuli, akasoma, akamwagia majani maji na maua, akafuta macho, akatugawia mikate. Nikamuuliza, Ibu, yaani mama, mumeo na watoto wako humu? Akanijibu kwamba hajui. Huenda wako humu, huenda wako Siron, huenda bahari haikuwarudisha. Mwaka mmoja anakuja hapa, mwaka mwingine anakwenda Siron. Miaka ya mwanzo, anasema, alikuwa anaumwa na jambo hili mpaka halali, anataka mtu amwoneshe hata hatua tatu za ardhi aseme ni hapa. Imamu wa mtaa wao akamwambia aliyekufa maji ni shahidi, na dua haipotei njia. Alimwelewa, anasema, lakini miguu yake haikuelewa, ilikuwa inataka pa kwenda. Kiwanja hiki ndicho kilichoipa.

Nilimtajia Hamadi. Nilimwambia kuhusu kusi la mwaka ule, na mashua iliyokutwa imepinduka upande wa kisiwa cha Maziwe. Aliniuliza jina la mama yenu, nikamtajia, na jioni nikamsikia anawaombea wote wawili pamoja na wa kwake, majina ya Kipumbwi katikati ya majina ya Kiaceh. Mwambie mama hivyo.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, karibu kabisa na tetemeko lilipoanzia. Kilikuwa na watu kama 78,000, na wimbi liliwaua saba. Mwaka 1907 wimbi kama hili liliwamaliza babu zao, na tangu hapo wakawa wanawaimbia watoto: ardhi ikitikisika sana, bahari ikikupwa, usingoje kuuliza, kimbilia mlimani. Nyimbo za kubembelezea. Siku ile ilipotokea hakuna aliyeokota samaki. Nimeisikia habari hii kwa watu wengi hapa mjini, wanaisimulia kwa kuisifu na kwa uchungu vilevile, maana wao hawakuwa na wimbo. Na sisi pwani ya kwetu tuna wimbo gani? Waulize wazee wa dikoni kama wanao wowote, hata kipande.

Sasa kuhusu lile la nyumbani, mama kutaka Hamadi awekewe kaburi na Ami Juma kukataa. Usinikasirikie nikitoa maoni ambayo hamkuniomba. Nadhani Ami Juma ana haki na mama ana haki, ndiyo maana hamuelewani. Kusimamisha mashahidi juu ya mchanga mtupu na kusema hapa kalala Hamadi si kweli, na mama mwenyewe moyoni atajua si kweli, hata mkipiga chokaa kila Ramadhani. Lakini kumwambia mama asome nyumbani inatosha, hilo nalo halitoshi. Nimemwona mama yake Nurul akibeba mkeka. Angeambiwa asome nyumbani angezimika.

Mimi naona mchimbe kisima pale dikoni, juu kidogo ya mahali Hamadi alipokuwa akivutia mashua yake. Wavuvi wakishuka hawana maji matamu ya kunawa, mpaka leo wanabeba madumu kutoka msikitini, na wale akina mama wanaokaanga samaki wanayanunua. Kwenye ukingo wa kisima, saruji ikiwa mbichi, liandikwe jina lake na la baba yake, kwa mkono wa yeyote mwenye hati nzuri. Itakuwa sadaka inayomfuata kila ndoo inapovutwa, Ami Juma hatakuwa na la kusema, na mama atapata pa kwenda na kijitabu chake alasiri. Akitaka kukaa, awekewe baraza fupi upande wa mwembe.

Ila maji ya pale yasije yakawa ya chumvi. Mpigie yule fundi aliyechimba kisima cha madrasa, yeye anaijua ile ardhi, akupe hesabu ya pete za zege na saruji na siku za vibarua, uniletee kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Posho yangu huingia mwezi wa pili. Nitatoa nusu, na usianze kubishana nami.

Kahawa nimekununulia ya kusaga. Huku wanaichuja kwa mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, wakiinua mkono juu kabisa na kuimimina bila kumwaga hata tone. Nimejaribu, nimeunguza kidole. Nitampa mwanafunzi mmoja wa Muheza anayerudi likizo, atakupigia akifika. Ukiichemsha, usitie tangawizi mara ya kwanza, ionje kwanza ilivyo.

Nisalimie watoto, nisalimie shemeji, na umbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako,
Salma