Kope zitibiwe kabla ya kupimia lenzi ya mtoto wa jicho

Ndugu Mhariri,

Makala za afya kuhusu mtoto wa jicho mara nyingi huishia kwenye upasuaji wenyewe na lenzi ya bandia. Zinauruka ukingo wa kope, unakojificha utitiri uitwao demodeksi, ambao huongezeka kadiri umri unavyosonga, yaani umri uleule wa mtoto wa jicho. Hoja yangu ni ya ratiba tu: utitiri utibiwe kabla ya jicho kupimiwa lenzi. Kungoja asubuhi ya upasuaji ni kuchelewa.

Wako wa aina mbili. Demodex folliculorum, mwenye urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4, hukaa kichwa chini ndani ya kishimo kinachootesha ukope. Demodex brevis ni mfupi zaidi na huingia kwenye tezi za mafuta. Usiku hutoka kujamiiana; maisha yao yote ni wiki 2 hadi 3. Kuwa nao wachache si ugonjwa. Wakizidi, kingo za kope huwa nyekundu na kuwasha, hasa asubuhi, kope hupukutika, na yale mafuta yanayozuia machozi yasikauke huharibika.

Hapo ndipo vipimo vinapopotoka. Mashine ya kupima mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye utando wa machozi. Utando ukipasuka kila baada ya sekunde chache, namba hubadilika kila ukipima. Kosa la dayopta 1 (kipimo cha nguvu ya lenzi) kwenye mkunjo huacha kosa la karibu dayopta 1 kwenye uoni baada ya upasuaji. Mgonjwa hulaumu lenzi, daktari hulaumu mashine, na kope haziulizwi.

Kuna pia hatari ya maambukizi ndani ya jicho, maana bakteria wake kwa kawaida hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Povidoni-iodini ya 5%, dawa ya kuua vijidudu inayowekwa jichoni kabla ya kupasua, na kuachwa angalau dakika 3, ni lazima na iendelee. Ila huua bakteria, si utitiri: majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2005 yalionyesha utitiri ukiishi zaidi ya dakika 150 ndani ya povidoni-iodini ya 10%. Shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu haikufua dafu pia.

Kuwatambua hakuhitaji maabara. Mgonjwa aliye kwenye darubini ya taa, ile ya kliniki ya kukagulia jicho kwa kulikuza, aambiwe atazame chini, ndipo mashina ya kope za juu yaonekane. Mtu akitazama mbele tu, dalili hupita bila kuonwa. Dalili yenyewe ni ganda jeupe, linalong'aa kidogo, lililozunguka shina la ukope kama ukosi wa shati. Si tongotongo, na maji hayaliondoi kirahisi. Mwenye shaka aushike ukope kwa kibano na kuuzungusha taratibu bila kuung'oa. Mikia ya utitiri huchomoza kwenye kishimo.

Matibabu huchukua wiki 6, ili yapitie zaidi ya kizazi kimoja. Marekani iliidhinisha mwaka 2023 matone ya lotilana ya 0.25%: tone 1 kila jicho, asubuhi na jioni, kwa wiki zote 6. Yasipopatikana, kuna vitambaa vya kope vyenye terpineni-4-oli, kiini cha mafuta ya melaleuka, ambayo chupani huandikwa tea tree. Nawa mikono, kanda kope zilizofumbwa kwa kitambaa cha maji ya nyuzi 40 hivi kwa dakika 5 hadi 10, kisha pangusa mashina ya kope kutoka pembe hadi pembe, kila jicho na kitambaa chake. Safisha nyusi na uso pia, maana utitiri huo hukaa huko vilevile. Foronya zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na wanja na maskara za zamani zitupwe.

Mafuta hayo yakiwa halisi, bila kuchanganywa, yasikaribie jicho kabisa, huunguza konea. Yale ya 50% hupakwa kliniki tu, jicho likiwa limetiwa ganzi. Ivermektini ya kumeza (mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito, ikirudiwa baada ya siku 7) ni ya kesi sugu na kwa maagizo ya daktari.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kudhani ni mzio na kutoa matone ya steroidi kwa miezi: wekundu hupungua, utitiri hustawi, na presha ya jicho huweza kupanda. La pili ni mgonjwa kuacha dawa wiki ya pili kwa kuwa muwasho umetulia, wakati mayai bado yanaanguliwa.

Lengo si kufikia sifuri. Maganda yakibaki machache, kingo zikatulia, na vipimo viwili vya konea vya siku tofauti vikikubaliana, panga tarehe. Vipimo vya kabla ya tiba visitumike. Asiyeweza kungoja ni yule ambaye lenzi yake imevimba na kupandisha presha ya jicho. Huyo apasuliwe haraka, kope zikifunikwa vizuri kwa plastiki ya upasuaji, na tiba ya utitiri ifuate jeraha likishapona.

Wako,
Mtaalamu wa macho