Mdogo wangu uliyeko Dodoma, waite watu waje kula

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama huko mnapata samaki. Nimemwambia mnapata, ila wanafika wamechoka na safari.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nikikutumia ujumbe mrefu unanijibu kwa kidole gumba tu, halafu unapotea. Na pia najua hauko peke yako. Tangu 2016, Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahamia Dodoma kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973, wewe na mimi hatujazaliwa), vijana wangapi wamefungasha mabegi wakaenda kupanga Ilazo, Kisasa na Nkuhungu? Na kila mmoja anadhani upweke ule umemchagua yeye.

Ulivyoniambia kwenye simu bado nakuwaza: "Dada, huku nina wafanyakazi wenzangu, sina watu." Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Wiki zenu huko nazijua. Ijumaa mchana watu wanaanza kuangalia saa. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, mwenye mke Dar, mwenye mama Dar, hata mwenye nguo zake za kufua Dar, jioni yuko stesheni. Mnaobaki ni nyinyi msio na pa kukimbilia, kila mmoja ndani kwake, na chipsi mayai kwenye mfuko, anaangalia kwenye simu picha za wenzake walioondoka. Mko nyumba tatu mbali, na hamjawahi kuingiana.

Wenzako hao hawana ubaya. Tatizo ni kwamba siku hizi Watanzania tunakutana kwa kadi. Harusi, send-off, kipaimara, arobaini, vyote vina kamati na mweka hazina, na jina lako linasomwa kwenye kundi kama hujalipa. Mtu unaweza kumchangia miaka na hujui anakunywa chai ya aina gani. Mimi sipingi michango, imenifaa na mimi. Ila ukimwita mtu kwako bila kadi, bila shughuli, aje ale tu, anaanza kuuliza "kwani kuna nini?" Mjibu: hakuna kitu, kuna mihogo.

Ndiyo, mihogo. Usije ukapika pilau. Pilau ni chakula cha shughuli. Ukimwekea mtu pilau anakaa wima, anakula kwa adabu, anasifia, anaaga. Mihogo ya nazi haimruhusu mtu kuwa na makuu. Inamwagika kidevuni, inataka mtu akunje mikono ya shati.

Siku iwe Alhamisi, magharibi. Nimeifikiria. Ijumaa huwapati. Jumamosi yule Msabato uliyeniambia hatatoka hadi jua lizame, sabato yake inaanza Ijumaa jioni. Alhamisi kila mtu bado yuko mjini, na kama kuna Mwislamu mwenzako anayefunga sunna, futari yake imepatikana kwako, na thawabu zako ziko pale pale. Ila usifanye mwezi wa Bunge la bajeti umepamba moto, Aprili hadi Juni, maana najua mnavyotoka ofisini usiku na macho mekundu.

Sasa sikiliza jikoni, na usiseme unajua. Ulikuwa unakula, hukuwa unapika.

Mihogo itafute soko la Majengo asubuhi. Muombe muuzaji avunje ncha ya muhogo. Ndani uwe mweupe pee. Ukiona mistari ya bluu au myeusi, mwachie. Muulize kama ni mitamu, na kama mwenyewe anababaika, nenda meza nyingine, kwa sababu muhogo mchungu una sumu na haitoshi kuuchemsha tu. Ukifika nyumbani, chana ganda kwa urefu, ingiza ncha ya kisu chini yake, ulizungushe litoke zima kama soksi. Kata vipande, pasua katikati, toa ule mzizi mgumu. Chemsha na chumvi kidogo mpaka ianze kupasuka yenyewe. Vijana wengi wanaharibu hapa: wanatia tui muhogo haujaiva, wakidhani utamalizikia humo. Tui halina kazi ya kuivisha muhogo.

Nazi, tikisa kwanza usikie maji. Isiyo na maji mara nyingi imeshaoza ndani. Huko kwenu nazi zimesafiri, kwa hiyo usiamini uso wake. Kama huna mbuzi ya kukunia, katakata vipande, tia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, chuja. Hilo ndilo tui zito. Liweke kando usiliguse. Rudishia maji kwenye machicha, kamua tena, upate tui jepesi. Hili jepesi ndilo unalimimina kwenye mihogo, pamoja na kitunguu, vipande vya ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), na pilipili mbuzi moja nzima iliyo na kikonyo chake. Isipasuke, maana utawafukuza watu wa Singida na Kigoma kabla hawajakaa. Iache ichemke, harufu ipande. Mwisho kabisa ndiyo tui zito, moto ukiwa mdogo, na hapo husogei, hupokei simu, unakoroga taratibu bila kufunika mpaka litokote mara moja. Ukiliacha linakatika, mafuta huku, maji kule, na hakuna dawa. Epua, kamulia ndimu.

Ng'onda loweka tangu usiku na ubadilishe maji, vinginevyo utakula chumvi. Nimekuchagulia wa nguru na si papa mkavu, ingawa papa ndiye mwenyewe kwa mihogo, wallahi. Msabato hali samaki asiye na magamba. Papa, kambale, hao wote kwake hapana. Hukulijua hilo, sivyo? Na ndiyo maana ya kuwaita watu: mnakaa meza moja ofisini miaka miwili, na hujui mwenzako anakula nini na anaacha nini. Ukiamua siku nyingine kupika kuku, mchinjishe kwa Mwislamu mapema, usiache mtu akaanza kuuliza akiwa ameshanawa.

Vinywaji usivifanye mzigo. Kreti la soda linaleta shughuli, tumeshakataa shughuli.

Chai ya tangawizi iwepo, hasa kama ni Juni au Julai, upepo wa Dodoma ukianza kupita chini ya mlango. Twanga tangawizi mbichi, usikwangue ukatia kamba kamba. Ichemke na maji kwanza, kisha iliki zilizopondwa na kijiti cha mdalasini, majani mwisho. Maziwa ukiyatia mapema na tangawizi yatakatika, nakuona unavyofanya. Na maji, jamani, maji! Visima vingi vya huko vina maji ya chumvichumvi, na chai ya maji yale hata uitie nini inabaki na ulimi wa ajabu. Siku hiyo nunua maji ya dukani. Kwa Msabato weka chupa nyingine ya mchaichai mtupu, maana hanywi chai ya majani wala kahawa, na usimpe kwa sauti ya "wewe tumekuwekea yako". Iweke tu mezani, wengine nao wataimimina.

Halafu ubuyu. Uko kwenye mji wa mibuyu, barabara zote za kutoka mjini imesimama, halafu unaniambia unakunywa juisi za boksi! Nunua ubuyu mweupe, ule usiopakwa rangi na sukari. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, sugua kwa mwiko mpaka unga uachane na mbegu, chuja, tia sukari kidogo na pasheni mbili tatu. Usiuchemshe, ubuyu una vitamini C nyingi na moto mkali unaipunguza, na ule uchachu wake mzuri unapotea. Weka kwenye friji mapema. Utaona mtu anayesema hapendi juisi za nyumbani anarudia glasi.

Zabibu mnavuna mara mbili kwa mwaka huko, tuma mtu Hombolo au Makutupora msimu ukifika, usinunue za barabarani zilizokaa juani. Najua wapo wenzako watakaokuja na chupa ya divai ya Dodoma. Kwangu mimi zabibu inaishia kwenye juisi, lakini kwako ni kwako, na wageni wako ni watu wazima. Ninachokuomba ni glasi zisichanganyike, na anayekunywa asimlazimishe asiyekunywa, hata kwa utani. Utani huo ndio unaomfanya mtu asirudi.

Wakikuuliza waje na nini, usiseme "njooni tu", wala usiseme soda. Sema: njoo na cha kwenu. Yule Mhaya ana buni za kutafuna zilizokaushwa, hakosi mfukoni, na kama ni Desemba labda na senene. Na mama mwenye nyumba, yule Mgogo unayemwona mkali, mgongee mlango umuombe akuonyeshe mlenda na ugali wa uwele. Usimtume aupike, kaa naye jikoni. Ukimaliza, umkaribishe akae na nyinyi sebuleni, si kumpelekea sahani mlangoni. Kodi yako italipwa kwa roho nyeupe baada ya hapo, nakuambia.

Kula, weka sinia mbili chini kwenye mkeka. Pitisha birika na beseni, wewe ndiye unayewanawisha, mwenyeji, hata kama mkuu wako wa idara yupo. Tena hasa kama yupo. Lakini kuna watu hawakukua na sinia, wanataka sahani yao na kijiko, wape na maisha yaendelee. Ukarimu wa kulazimisha ni kero. Televisheni izime. Hutahitaji muziki. Watu wakikaa sinia moja wanaanza wenyewe kuelezana kwao muhogo unaliwaje, na hapo ndipo utasikia mtu anasema jina la kijiji chake kwa mara ya kwanza tangu umfahamu.

Watakuja wachache. Wawili wataahidi na hawatatokea, mmoja ataleta rafiki usiyemjua. Huyo usiyemjua ndiye umjazie zaidi. Na usingoje ununue makochi. Nimesikia hiyo sababu, nikacheka. Aliyekula mihogo kwenye mkeka hatakumbuka kama kulikuwa na kochi.

Kwenye kuaga, kila mtu mfungashie kidogo. Vyombo vyako utavifuata wiki inayofuata, na hapo wewe ndiye utakayeingia kwao.

Mzigo nimeupakia kwenye basi la Jumanne. Kuna nazi, zimeshafuliwa, na ng'onda nimemfunga magazeti na mifuko miwili, lakini kondakta amemnusa na bei akaipandisha papo hapo. Upokee mwenyewe stendi ya Nanenane, usimtume bodaboda, ataufungua. Mbuzi ya bibi ya kukunia nazi nilitaka kuitia humo humo, akanipokonya. Anasema ataitoa siku ukileta mke, na siyo wa kwenye picha.

Dada yako,
Tanga