Anayekudai hana ruhusa ya kuwapigia jamaa zako

Mhariri,

Wakopaji wengi wa mikopo ya simu humu nchini Kenya wanaijua vyema tarehe ya kulipa, ila hawajui mipaka ya anayewadai. Ukichelewa, kwanza utapata vikumbusho vya kampuni yenyewe. Deni likizidi kukaa, jina lako hupelekwa kwa wakala wa kukusanya madeni, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kamisheni: asipokusanya, hapati kitu. Hapo ndipo huanza matusi, simu kwa mwajiri, na ujumbe kwa shangazi na majirani kwamba wewe ni mwizi.

Haya yote yamepigwa marufuku. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya (CBK) kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, za Machi 2022, zinamkataza mkopeshaji, wafanyakazi wake na mawakala wake kutisha, kutukana, kuchukua nambari zilizo kwenye simu yako ili kuwaandikia watu wako, au kukuanika mitandaoni.

Na wale watu wawili ambao programu ya mkopo ilitaka uandike nambari zao? Kuandikwa nambari hakumfanyi mtu mdhamini. Hakutia sahihi popote, na akisumbuliwa anaweza kulalamika mwenyewe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, aliitoza kampuni inayoendesha programu za KeCredit na Faircash faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za namna hiyo kutuma vitisho.

Mkopeshaji ana njia zake halali. Anaweza kujadiliana nawe. Anaweza kukuorodhesha kwa shirika la kumbukumbu za mikopo (CRB), mradi deni limezidi Sh1,000 na amekupa notisi ya siku 30. Anaweza pia kukushtaki. Madai yasiyozidi Sh1 milioni husikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo.

Ujumbe unaotisha watu zaidi ni ule wa "madalali wako njiani", yaani wanaotwaa mali ya mdaiwa na kuipiga mnada. Kwa mkopo wa simu usio na dhamana, dalali hawezi kugusa mali yako bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutoka baada ya hukumu. Hata akiwa nacho, sharti kwanza aorodheshe vitu na thamani yake, kisha akupe siku saba za kuvikomboa kabla hajavibeba. Nguo za familia, vitanda na vyombo vya kupikia havichukuliwi. Anayekuandikia kwamba madalali wanafika kesho, ilhali hujawahi kushtakiwa, anadanganya.

Lakini vitisho hivi vya uongo vimezaa hatari nyingine: watu wamevizoea hata wanatupa samansi za kweli, yaani wito wa mahakama. Samansi halisi ina nambari ya kesi, jina la mahakama na mhuri. Ipeleke kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, uulize kama kesi ipo, na ujibu kabla muda haujaisha. Usipojibu, hukumu itatolewa bila wewe kusikizwa, na safari hii dalali atakuja kihalali.

Anayesumbuliwa asifute chochote. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari, tarehe na saa, na uwaombe jamaa waliopokea ujumbe wauhifadhi kwenye simu zao. Ushahidi wa kusambazwa kwa habari zako uko kwao. Andikia kampuni, si wakala, ukitaka taarifa inayotenganisha mkopo wenyewe, riba na adhabu. Angalia kama jina la kampuni limo katika orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya CBK. Kisha wasilisha malalamishi: kwa Kamishna wa Data ikiwa habari zako zimesambazwa, kwa CBK kuhusu mwenendo wa mkopeshaji, na kwa polisi ukitishiwa kudhuriwa. Sheria inamtaka Kamishna amalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Ukikubaliana kulipa kidogo kidogo, makubaliano yawe kwa maandishi. Usitume hata shilingi kwa nambari ya kibinafsi ya wakala, hata akiahidi kukupunguzia. Lipa kwa Paybill, yaani nambari ya malipo ya kampuni, pekee. Pesa nyingi hupotea hapa, kwa sababu kampuni huendelea kudai deni lote huku wakala akiwa amezima simu. Ukimaliza, itisha barua ya kuthibitisha umelipa, kisha uitishe ripoti yako ya CRB, ambayo unayo haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka, uhakikishe deni limeonyeshwa kuwa limelipwa.

Msomaji,
Mombasa